Fiesta Bowl ya 2007: Boise State hawakushinda kwa mazingaombwe

Mjadala wa mechi bora za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani haumaliziki bila kutajwa Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, ya Januari 1, 2007, iliyochezwa Glendale, Arizona. Boise State 43, Oklahoma 42, baada ya muda wa nyongeza. Kinachosimuliwa siku zote ni kilekile: michezo mitatu ya hila mwishoni, kisha Ian Johnson, aliyefunga alama za ushindi, akapiga goti mbele ya kamera za televisheni na kumposa mpenzi wake, mmoja wa wasichana waliokuwa wakiongoza ushangiliaji. Ni simulizi tamu, na kila kipande chake kilitokea kweli. Lakini husimuliwa kwa namna inayowapunja walioshinda. Ukiisikiliza utadhani chuo kidogo kutoka Idaho kilibahatisha usiku mmoja, kikawaduwaza wakubwa kwa viini macho, kikarudi zake nyumbani. Mimi nashikilia kwamba Boise State ndio waliokuwa timu bora kwa sehemu kubwa ya usiku ule, na kwamba kukumbukwa kwao kama wacheza mazingaombwe kuliwafaa sana watu waliotaka kuendelea kuwanyima nafasi ya kugombea ubingwa.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, isipofaulu mpira huenda kwa wapinzani. Kuvusha mpira hadi eneo la mwisho ni tachidauni, alama 6. Baada ya tachidauni timu huchagua: ama kupiga mkwaju kati ya milingoti kwa alama 1, jambo ambalo karibu kila mara hufaulu, ama kujaribu mara moja kutoka yadi 3 kuuvusha tena mpira kwa alama 2. Uchaguzi huo wa mwisho ndio uliokuja kuamua kila kitu.

Turudi kwanza kwenye robo tatu za mwanzo, ambazo wasimuliaji wengi huzipita haraka. Jared Zabransky, kwotabeki wa Boise State, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alimpata Drisan James kwa pasi ya tachidauni ya yadi 49 mapema kabisa. Johnson akaongeza nyingine kwa kukimbia, ikawa 14 kwa 0. Oklahoma wakajikongoja hadi 14 kwa 10, James akapokea tachidauni ya pili, na mapumziko yakafika Boise State wakiongoza 21 kwa 10. Robo ya tatu beki Marty Tadman alinasa pasi ya Paul Thompson na kukimbia nayo hadi mwisho. Ikawa 28 kwa 10. Hadi hapo hakukuwa na hila yoyote ya kusimulia. Palikuwa na pasi zilizolengwa vizuri, safu ya mbele iliyompa kwotabeki nafasi ya kutazama, na ulinzi ulioiba mpira na kuubadilisha kuwa alama. Huo ni mpira wa kawaida, uliochezwa vizuri kuliko wa upande wa pili.

Nao wachezaji hawakuwa vijana wa kuokotwa. Ryan Clady, aliyekuwa akimlinda Zabransky upande wa kushoto, alichaguliwa wa 12 katika uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2008. Legedu Naanee, Gerald Alexander, Korey Hall, Derek Schouman na Orlando Scandrick wote walifika NFL. Wakati vyuo vikubwa vinawachagua vijana wa shule za sekondari, wengi wa hawa hawakutamaniwa na wakubwa. Miaka mitatu minne baadaye walikuwa wachezaji wengine kabisa. Kocha anayejua kuona kijana atakuwa nani akifika miaka 21 ana utaalamu, na utaalamu huo haustahili kuitwa bahati.

Lazima niseme na upande wa Oklahoma, kwa sababu haki ni kwa wote. Walikuwa mabingwa wa ligi ya Big 12, chuo chenye mataji saba ya taifa, chini ya Bob Stoops aliyetwaa la mwisho msimu wa 2000. Lakini msimu ule wa 2006 ulikuwa umewaumiza. Kwotabeki wao alitimuliwa kabla msimu haujaanza, ikabidi Thompson, aliyekuwa amehamishiwa kwenye nafasi ya mpokeaji, arudishwe kushika usukani. Adrian Peterson, mkimbiaji wao hodari, alikuwa amevunjika mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, mwezi Oktoba, na Fiesta Bowl ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza tangu hapo. Hata hivyo walipambana kama mabingwa. Mpira wao wa kupiga mbali uligusa mguu wa mchezaji wa Boise State, wakauokota, Peterson akafunga. Wakaongeza alama 3. Zikiwa zimebaki sekunde 86 Thompson akampata Quentin Chaney, kisha wakapata alama 2 za ziada baada ya kurudia jaribio kwa sababu ya makosa yaliyopulizwa. Ikawa 28 kwa 28. Mchezo uliofuata Marcus Walker akanasa pasi ya Zabransky, akakimbia hadi mwisho. Alama 25 mfululizo. Oklahoma 35, Boise State 28, na dakika moja na sekunde mbili tu kwenye saa.

Hapa ndipo simulizi maarufu huanzia, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa kila moja ya ile michezo mitatu ina hesabu ndani yake.

Wa kwanza. Sekunde 18 zimebaki, jaribio la nne, yadi 18 zinahitajika, mpira upo katikati kabisa ya uwanja. Walinzi wa Oklahoma wanajua alama ya yadi 18 iko wapi, na akili yao yote iko kwenye mstari huo: asiuvuke mtu. Zabransky akamrushia James yadi 15 tu mbele. Kwa mlinzi hiyo ni zawadi, mshike huyu na mechi imekwisha. Wakamkimbilia. James, bila kujaribu kupigania yadi tatu zilizobaki, akautupia mpira pembeni kwa Jerard Rabb aliyekuwa akipita kwa kasi kuelekea upande wa pili. Mbele ya Rabb kulikuwa na uwanja mtupu, kwa kuwa walinzi walikuwa wamevutwa na yadi zilezile walizopewa kuzilinda. Tachidauni, sekunde 7 zimebaki, 35 kwa 35. Mchezo ule uliitwa “Circus”, na ulikuwa umefanyiwa mazoezi. Mtu anaweza kuuita sarakasi akipenda. Mimi naona kocha aliyesoma mpinzani wake anaogopa nini, akamtegea palepale.

Katika muda wa nyongeza wa vyuo, kila timu hupewa mpira kwenye yadi 25 za mpinzani na kila moja hupata zamu yake. Oklahoma walianza. Peterson akauchukua mpira, akakimbia yadi zote 25 kwa mpigo mmoja. 42 kwa 35.

Zamu ya Boise State ikafika jaribio la nne, yadi 2 zikihitajika, mpira ukiwa karibu na yadi 5. Zabransky akasogea kushoto kama anayekwenda kupokea pasi, na mpira ukaenda moja kwa moja kwa Vinny Perretta, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukimbia na kupokea. Macho ya ulinzi yalimfuata kwotabeki, na wengine wakajiandaa kwa mkimbiaji. Perretta akarusha pasi kwa Schouman ndani ya eneo la mwisho. Sasa ni 42 kwa 41.

Ndipo kocha Chris Petersen, mwenye umri wa miaka 42 na katika msimu wake wa kwanza kabisa kama kocha mkuu, alipoacha mkwaju wa alama 1 na kuagiza alama 2. Watangazaji wengi wameuita ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, lakini tuutazame uamuzi wenyewe. Majaribio ya alama 2 hufaulu pungufu kidogo ya nusu ya mara zote. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na nini? Kusawazisha na kwenda muda wa nyongeza wa pili, ambako zamu hugeuzwa: Boise State wangeanza kushambulia, wakipoteza ile faida ya kujua wanahitaji alama ngapi. Ulinzi wao ulikuwa umetoka kuruhusu yadi 25 kwa mguso mmoja wa Peterson. Oklahoma walikuwa na akiba kubwa ya wachezaji wenye nguvu, na kadiri usiku ulivyozidi kurefuka ndivyo akiba hiyo ilivyozidi kuwa na thamani. Anayecheza na mwenye kikosi kipana kuliko chake hana sababu ya kuirefusha mechi. Mechi nzima sasa ingeamuliwa na mchezo mmoja, tena mchezo ambao Petersen mwenyewe angeuchagua. Sioni kamari hapo. Naona mtu aliyehesabu haraka na sawasawa huku watu zaidi ya 73,000 wakipiga kelele.

Wapokeaji watatu wa Boise State wakapangwa upande wa kulia. Zabransky akarudi nyuma, akainua mkono wa kulia kana kwamba anawarushia wale watatu, na walinzi wakainama kuelekea huko. Mpira ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo wake. Johnson akaupokea hapo na kukimbia kushoto bila kuguswa. 43 kwa 42.

Boise State walimaliza msimu na ushindi 13 bila kupoteza. Hakuna timu nyingine ya daraja la juu iliyomaliza msimu ule bila kushindwa. Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo: siku saba baadaye, Januari 8, kwenye uwanja uleule wa Glendale, ilichezwa mechi ya ubingwa wa taifa, na waliocheza ni wengine. Florida, waliokuwa wameshapoteza mechi moja kwa Auburn, waliwachapa Ohio State 41 kwa 14 na kubeba taji. Katika orodha ya mwisho ya waandishi wa habari Boise State waliwekwa nafasi ya tano. Mpiga kura mmoja pekee ndiye aliyewaweka wa kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea ligi ya nyumbani na ugenini atauliza bingwa anapatikanaje kwa kura. Jibu ni kwamba daraja la juu lilikuwa na vyuo zaidi ya mia moja, kila kimoja kikicheza mechi kumi na mbili au tatu hivi, kwa hiyo wengi hawakukutana kabisa. Tangu 1998 mfumo ulioitwa BCS ulikuwa ukichagua timu mbili tu za kucheza fainali. Mwaka 2006 theluthi mbili za hesabu zake zilikuwa maoni ya watu, yaani kura za makocha na za jopo lililoundwa kwa kazi hiyo, na theluthi moja ilikuwa kompyuta. Timu nyingine nzuri zilipelekwa kwenye mechi za Fiesta, Sugar, Orange na Rose, mechi zenye heshima na fedha, ila hakuna hatua iliyofuata baada yake. Kabla ya kukutana na Oklahoma, Boise State walikuwa nafasi ya nane kwenye hesabu hizo, na nafasi yenyewe ya kucheza Fiesta waliipata kwa sababu kanuni zilikuwa zimelegezwa msimu huohuo: bingwa wa ligi ndogo alihakikishiwa mechi kubwa akiingia 12 bora.

Hoja ya waliowapinga ilikuwa ratiba. WAC, ligi ya Boise State, ilikuwa dhaifu, walisema, na ushindi 12 wa pale haulingani na wa ligi kubwa za kusini. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mwaka mmoja baadaye Hawaii walitoka ligi hiyohiyo bila kupoteza, wakaenda Sugar Bowl na kupigwa 41 kwa 10 na Georgia. Lakini tazama ushahidi wa mwaka 2006 wenyewe. Septemba, Boise State waliwafunga Oregon State 42 kwa 14. Oktoba, Oregon State haohao waliwafunga USC 33 kwa 31. USC wakaenda kushinda Rose Bowl dhidi ya Michigan, 32 kwa 18, na kumaliza nafasi ya nne, hatua moja juu ya Boise State. Sidai kwamba mlolongo huo unathibitisha Boise State wangeifunga Florida. Unathibitisha kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kuwa na uhakika kwamba wasingeweza, na mfumo mzima ulijengwa juu ya uhakika huo.

Ndiyo maana lugha ya “mazingaombwe” ilikuwa na madhara. Ukisema timu imeshinda kwa hila, unasema pia kwamba hila ikifanyika mara moja haifanyiki tena, na hivyo hakuna haja ya kubadilisha chochote. Wapiga kura walipewa njia ya kuipenda mechi bila kuichukulia kama ushahidi. Boise State walirudi Fiesta Bowl Januari 2010, wakawafunga TCU 17 kwa 10, wakamaliza na ushindi 14 bila kupoteza, na wakawekwa nafasi ya nne. Mwaka uliotangulia Utah walikuwa wameifunga Alabama 31 kwa 17 katika Sugar Bowl, wakamaliza 13 kwa sifuri, wakawekwa wa pili. Ushahidi uliendelea kurundikana, na jibu lilikuwa lilelile.

Mabadiliko yalikuja kwa kusukumwa. Seneta Orrin Hatch wa Utah aliufikisha mfumo huo mbele ya kamati ya Seneti mwaka 2009. Barack Obama, akiwa rais mteule, alikuwa ameshasema kwenye televisheni Novemba 2008 kwamba anataka mtoano wa timu nane. Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, na hata huo ulikuwa mlango mwembamba. UCF walimaliza msimu wa 2017 bila kupoteza na hawakuingia. Cincinnati ndio waliokuwa wa kwanza kutoka ligi ndogo kuingia, msimu wa 2021, wakafungwa 27 kwa 6 na Alabama. Idadi ilipopandishwa hadi timu 12 mwaka 2024, ndipo bingwa wa ligi ndogo alipohakikishiwa mahali: nafasi tano ziliwekwa kwa ajili ya mabingwa wa ligi waliopangwa juu zaidi.

Na nani aliyeichukua nafasi hiyo mwaka wa kwanza? Boise State. Wakiwa na Ashton Jeanty, mkimbiaji aliyemaliza msimu na yadi 2,601, pungufu ya rekodi ya Barry Sanders kwa yadi 27 tu, walipangwa wa tatu miongoni mwa mabingwa wa ligi na wakapewa kupumzika raundi ya kwanza. Desemba 31, 2024, walicheza robo fainali ya ubingwa Glendale, kwenye uwanja uliokuwa umebadilishwa jina lakini ni uleule. Penn State waliwafunga 31 kwa 14 na kumbana Jeanty hadi yadi 104. Mji wa Boise siku hizi una familia nyingi zilizopokelewa kutoka Kongo, na Kiswahili husikika katika shule zake. Naamini wapo vijana wa lugha yetu walioumia usiku ule.

Waliosubiri kusema “tuliwaambia” walisema. Lakini kanuni iliwapumzisha mabingwa wanne raundi ya kwanza, na wote wanne walifungwa mechi iliyofuata: Oregon walifungwa na Ohio State, Georgia na Notre Dame, Arizona State na Texas, na Boise State na Penn State. Oregon, waliokuwa namba moja nchini na hawajapoteza, walichapwa 41 kwa 21. Hakuna aliyesema Oregon hawakustahili kuwepo. Isitoshe, mechi pekee ambayo Boise State walikuwa wamepoteza kabla ya mtoano ilikuwa dhidi ya Oregon haohao, kwao Eugene, 37 kwa 34, kwa mkwaju wa mwisho kabisa.

Mei 2025 kanuni ikabadilishwa. Mabingwa watano bado wana uhakika wa kuingia, ila upangaji sasa unafuata moja kwa moja orodha ya kamati inayochagua timu za mtoano, na mapumziko ya raundi ya kwanza ni ya wanne wa juu wa orodha hiyo. Kamati ilikuwa imewaweka Boise State wa tisa mwaka 2024, kwa hiyo chini ya kanuni mpya wangeanza raundi ya kwanza ugenini. Naelewa sababu: ni vigumu kumweleza timu ya tano kwa ubora kwamba ya tisa inapumzika naye anacheza. Ninachokataa ni kurudisha uzito kwenye maoni ya watu bila kuongeza mechi zinazoweza kuyasahihisha maoni hayo. Oregon State walisafiri hadi Boise mwaka 2006, na Oregon wakafanya hivyo 2009 wakafungwa 19 kwa 8. Mechi za namna hiyo ndizo zilizoifanya hoja ya Boise State isikilizwe. Wakubwa wakiendelea kukwepa viwanja vya wadogo mwezi Septemba, kamati itakuwa inapanga timu Desemba bila kuwa imewaona wakikutana. Ligi kubwa zilizodai upangaji huu zikubali basi na sharti lake: kila moja ipeleke timu zake bora ugenini kwa mabingwa wa ligi ndogo kila msimu, na matokeo hayo yahesabiwe kabla ya sifa ya jina.